Gari Juu ya Mawe, Nyumba Bila Lipu: Kupanga Kazi Mbili Katika Uwanja Mmoja

Nyumba nyingi za Morogoro humaliziwa zikiwa zimeshahamiwa. Mwenye nyumba huingia vyumba viwili vikishapata bati na milango, na yaliyobaki, yaani lipu, dari, sakafu, uzio na choo cha ndani, huyamaliza kadiri fedha zinavyopatikana, pengine kwa miaka kumi. Kihonda, Mkundi, Lukobe, Bigwa na Kola zina nyumba nyingi za namna hiyo. Uwanjani mara nyingi huwa na gari pia: pikapu ya zamani, Noah, Suzuki Carry ambayo watu huiita Kirikuu, au Land Rover ya mzee iliyowekwa juu ya mawe ikisubiri gasketi. Anayepaka dirisha rangi Jumamosi ndiye huyohuyo anayelala chini ya gari Jumapili, na fedha za kazi zote mbili hutoka mfuko mmoja.

Kazi hizi hugombania nafasi, fedha, hewa safi na siku zisizo na mvua. Wengi hujaribu kuzisuluhisha kwa kugawana siku za wiki, leo ukuta, kesho injini. Matokeo yake ni gari lililofunguliwa nusu mbele ya ukuta uliotinduliwa nusu, na kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Kwa mji ulio chini ya Milima ya Uluguru inafaa zaidi kugawa majira kuliko kugawa siku, na kushika sharti moja: kimoja kifungwe ndipo kingine kifunguliwe. Chumba kimefungwa pale maji ya mvua yanapokuwa hayawezi kuingia na vumbi halitoki tena. Gari limefungwa pale injini inapokuwa na mifuniko yake yote na magurudumu manne yakiwa chini, ili likibidi kusukumwa lisukumike.

Majira ndiyo ratiba

Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita 500 hivi, na juu yake kinasimama kilele cha Lupanga chenye mita 2,138. Licha ya ukaribu huo, mvua zake hazifanani. Mjini hunyesha wastani wa milimita 800 hadi 900 kwa mwaka, wakati miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata zaidi ya milimita 2,000, na sehemu za juu hulowa karibu mwaka mzima. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, lakini si ya kutegemea: mwaka mmoja inajaza mitaro, mwaka mwingine inapita kama manyunyu. Juni hadi Septemba ni kiangazi.

Kwa hiyo kiangazi ni cha nyumba. Ndiyo miezi ya kuchimba msingi, kufyatua na kuchoma tofali, kupaua, kupiga lipu ya nje na kupaka rangi. Lipu ya nje iliyopigwa jioni ya mawingu ya Aprili huoshwa usiku, na saruji iliyooshwa hairudi. Lakini ukavu nao una madhara yake. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yanayoungana na chembe zake, na jua la Septemba likiyanyonya maji hayo mapema, lipu hupata nyufa ndogondogo na zege hubaki dhaifu. Kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, huku zege likifunikwa kwa magunia yaliyolowa, si jambo la hiari. Nguvu ambayo wahandisi huipima ni ile ya siku ya 28. Palipo na mgao wa maji, tangi lijazwe kabla ya kuchanganya zege, si baada yake.

Mvua ni za gari, mradi gari lina paa. Hapa ndipo mpango wa wengi unapovunjika. Kufungua injini chini ya mwembe mwezi wa Aprili ni kualika maji ndani ya silinda, na turubai lililofungwa kwa kamba halishindani na upepo unaoshuka mlimani. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza kabisa ya ujenzi kwa mwenye mambo haya mawili, kabla ya dari na kabla ya vigae, ni banda la gari. Banda huwa gereji wakati wa masika na stoo ya mbao na saruji wakati wa kiangazi. Hakuna chumba kingine ndani ya uzio kitakachotumika kwa zamu namna hiyo.

Januari na Februari ni miezi ya katikati, yenye joto na mara nyingi mikavu. Inafaa kwa kazi fupi za pande zote mbili: kusafisha mifereji ya bati, kubadili vitasa, kuangalia breki na tairi kabla barabara hazijaloa. Mtu asianze kazi kubwa Februari. Itakutwa na masika iko wazi.

Gari litangulie kidogo, lisitangulie sana

Kiangazi ni cha nyumba, lakini gari hutangulia kwa jambo moja dogo: likiwa ndilo litakalobeba vifaa, lazima liwe zima kabla msimu haujaanza. Marekebisho ya Mei huishia kwenye breki, springi, tairi, mfumo wa kupoza injini na taa. Injini inayokula oili, giaboksi inayopiga kelele na bodi yenye kutu vitasubiri masika yajayo.

Kabla gari halijapewa kazi ya ubebaji, hesabu ifanywe kwa kilo. Mfuko wa saruji una kilo 50. Kirikuu iliundwa Japani kubeba kilo 350, yaani mifuko 7 na si mmoja zaidi. Pikapu ya tani moja hubeba mifuko 20. Kwenye mchanga ndiko macho hudanganya. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kilo 1,600 hivi, na ukiloa huongezeka. Bodi ya pikapu ikijazwa mchanga mpaka ukingoni hupita tani moja na nusu, na dereva hatajua mpaka springi zilale au tairi ya nyuma ipasuke Msamvu katikati ya magari. Mchanga, kokoto na mawe ni kazi ya lori. Tripu moja ya lori la kukodi ni nafuu kuliko safari nane za pikapu ukihesabu mafuta, klachi na bushi, hata kama mwenye gari huona kwamba safari zake mwenyewe hazina gharama. Gari dogo libebe vile visivyohitaji lori: misumari, rangi, mabomba, mifuko michache ya saruji, mlango uliomalizika kwa seremala.

Anayekwenda kuchukua mbao au mazao milimani ana jambo jingine la kuangalia. Barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Mgeta, au ile ya Kinole, haidai sana nguvu ya injini wakati wa kupanda kama inavyodai breki wakati wa kurudi na mzigo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yakizeeka huchemka breki zinapopata moto, na kanyagio huzama bila gari kusimama. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda.

Banda na sakafu yake

Banda la kuegesha tu linatosha kwa mita 3 kwa 6. La kufanyia kazi linahitaji mita 4 kwa 6, kwa sababu mlango wa gari lazima ufunguke wote na mtu apite na toroli. Nguzo ziwe za zege au za bomba la chuma. Za mbao zikae juu ya kitako cha zege, zisizikwe ardhini. Mchwa wa Morogoro hawachagui. Mbao za paini zilizotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani, hudumu kwenye kenchi kuliko paini tupu. Msaji, unaopandwa Mtibwa na katika bonde la Kilombero, huvumilia mchwa vizuri, lakini bei yake huufanya ufae zaidi milango kuliko banda.

Sakafu ya zege ndiyo itakayoamua kama kazi za gari zitafanyika kwa usalama. Jeki juu ya udongo huzama au kuinama, hasa wakati wa masika. Kwa gari dogo, jamvi la sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa linatosha. Eneo la mita 4 kwa 6 linadai mita 2.4 za ujazo wa zege, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hiyo ni mifuko 15 au 16 ya saruji. Sakafu iinamishwe sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea nje na mbali na ukuta wa nyumba, ili maji ya kuoshea yasirudi msingini. Gari dogo liingie baada ya siku 7 hadi 10. Asiyeweza kumwaga jamvi zima amwage vipande viwili vya kupitia magurudumu na eneo la kuwekea jeki. Hivyo ndivyo wengi wanavyoanza, na hakuna ubaya.

Shimo la ukaguzi huvutia kila anayemiliki sepetu. Kwa uwanja tambarare, mwenyewe akiwa na akiba nzuri ya fedha, linaweza kufaa: upana wa sentimita 70 hadi 80, kina cha mita moja na nusu hivi, kuta za tofali zenye lipu, na mbao nzito za kufunikia. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia shimoni hata wakati pua haisikii kitu. Maji ya masika huingia. Na watoto wa nyumbani na wa jirani hucheza uwanjani. Kwa nyumba ya familia, hasara za shimo hupita faida zake.

Nyumba zilizo vilimani, kama za Kilakala na Bigwa, zina njia bora zaidi. Mteremko wenyewe unaweza kufanywa jukwaa: njia mbili za zege zinazotoka usawa wa barabara na kuishia hewani juu ya kuta fupi imara, zikiwa na ukingo wa mbele wa kuzuia gurudumu. Fundi husimama chini, hewa inapita, maji yanatoka yenyewe. Hapo sharti ni ukuta wa kuzuia udongo. Ukuta huo hauangushwi sana na udongo wenyewe. Huangushwa na maji yaliyonaswa nyuma yake. Uachiwe matundu ya bomba kila baada ya mita moja na nusu hivi, na nyuma yake ziwekwe kokoto. Uluguru kuna historia ya kukata mlima bila kuusikiliza. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kuanzia 1950, katika mpango uliosimama 1955 baada ya ghasia. Mahali ambapo udongo ulikuwa mwembamba, matuta yale yalifukia rutuba na kuacha udongo mfu juu. Anayekata kilima kwa ajili ya gari naye atazame kwanza udongo umelala vipi na maji ya juu yanapita wapi. Akiwa karibu na mto, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kibali cha ujenzi cha Manispaa kinahusu banda na ukuta pia.

Vumbi, cheche na petroli

Mchanga na injini havikai pamoja. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye silinda au kwenye beringi za kreki hufanya kazi ya msasa kila injini inapozunguka. Kutindua lipu, kukata vigae na kuchekecha mchanga hujaza hewa chembe za namna hiyo, nazo huelea kwa saa nyingi. Ndiyo sababu ya sharti la kufunga kimoja kabla ya kufungua kingine. Likishindikana, kila tundu la injini lizibwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, juu yake nailoni, na matambara yahesabiwe yanapoingia na yanapotoka. Vumbi la saruji likilala juu ya rangi ya gari na umande ukaliloweka, huila rangi. Lioshwe kwa maji mengi, lisifutwe kwa kitambaa kikavu. Upande wa pili, oili ikidondoka ukutani au kwenye sakafu inayosubiri vigae, gundi na rangi hazitashika hapo. Mahali hapo pasuguliwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto kabla kazi nyingine haijaendelea.

Zana nazo zitengwe. Drili, grenda, taa na waya wa umeme hutumika pande zote. Spana, bisibisi nzuri na raketi zisikaribie karai la zege: saruji ikiingia kwenye meno ya raketi, imekufa. Burashi ya kusafishia breki isitumike kupaka rangi. Jeki ya gari isitumike kuinulia kenchi iliyolegea. Imetengenezwa kunyanyua kwa dakika chache, si kushikilia. Na tofali, ambazo katika uwanja wa mjenzi ziko kila upande, zisiwekwe chini ya gari. Tofali la kuchoma hubeba ukuta kwa sababu mzigo umeenea sawasawa. Likibanwa na ncha moja ya chuma hupasuka ghafla, bila onyo. Anayeingia chini ya gari aingie likiwa juu ya stendi za chuma au magogo mapana, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamekingwa kwa kabari.

Kuhusu petroli, Morogoro haina haja ya mfano wa kuazima. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, na mlipuko uliofuata uliua zaidi ya watu 100. Katika uwanja wa nyumbani viambato ni vilevile kwa kiasi kidogo: tangi lililofunguliwa, kidumu kisicho na kifuniko, na jiko la mkaa hatua chache pembeni. Ujenzi huongeza hatari nyingine, cheche. Grenda inayokata nondo na mashine ya kuchomelea madirisha hurusha cheche mpaka mita 10. Siku ya kuchomelea, gari liondolewe bandani au lifungwe kabisa, na hakuna petroli itakayokuwa wazi. Ikiwa kinachochomelewa ni gari lenyewe, nyaya za betri zitolewe kwanza, ya hasi ikitangulia, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka na umeme wa mashine unaweza kuunguza alteneta. Ndoo ya mchanga mkavu, ambayo mjenzi anayo tayari, isimame mlangoni. Injini isiwashwe na kuachwa ikinguruma ndani ya banda lililofungwa au chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa maana gesi ya ekzosi inayoua haina harufu wala rangi.

Oili chafu

Jambo hili linadai nafasi yake, kwa sababu hapa gari na nyumba vimeungana kwa desturi ambayo wengi huiona ni busara. Injini ndogo ikibadilishwa oili hutoa lita nne hivi za oili chafu. Mwenye nyumba huipaka kwenye kenchi, nguzo na fremu za milango kuzuia mchwa, au kwenye mbao za boksi ili zege lisinate, na inayobaki huimwaga mtaroni.

Kwa mchwa, oili hufukuza kwa muda mfupi, kisha hukauka na kuchujwa na mvua. Haiingii ndani ya mbao kama dawa ya kiwandani iliyosukumwa kwa mgandamizo. Ina masizi na madini yaliyokwanguliwa kutoka kwenye injini, na imo kemikali inayosababisha saratani ya ngozi kwa anayeigusa mara kwa mara. Mbao zilizopakwa huwaka haraka moto unapotokea na hazipokei rangi tena. Ndani ya nyumba isitumike kabisa. Boksi la zege lipakwe mafuta mapya kidogo au lifunikwe nailoni.

Mtaroni nako kuna safari ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mto Morogoro na vijito vingine vya mjini humwaga maji yake Ngerengere, na Ngerengere huungana na Ruvu kabla ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayosukuma maji Dar es Salaam. Kidumu cha lita tano chenye kifuniko, kilichoandikwa kwa rangi, kinatosha kuhifadhi oili mpaka ipelekwe gereji kubwa inayoikusanya. Betri mbovu isipasuliwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua nzima, na risasi iliyomo ni sumu kwa watoto.

Fedha

Hitilafu ya gari hudai fedha leo. Nyumba huvumilia. Kwa hiyo mfuko ukiwa mmoja, gari litakula fedha za nyumba kila mara, na mwaka utaisha lipu haijapigwa. Dawa iliyozoeleka, na inayofanya kazi, ni kugeuza fedha za nyumba kuwa vitu visivyoharibika mara tu zinapopatikana. Mawe, kokoto, mchanga, tofali na nondo vikishashushwa uwanjani, gari haliwezi kuvila. Saruji haimo katika orodha hiyo. Hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko, na ikikaa miezi mitatu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kwenye hewa nzito ya masika huharibika mapema zaidi. Inunuliwe wiki ya kazi, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Bati nazo zisilazwe zikiwa zimeloa moja juu ya nyingine: hupata madoa meupe kabla hazijaona paa. Zisimamishwe, zipate hewa.

Vipuri vya gari hufuata kanuni iliyo kinyume. Visinunuliwe mpaka ugonjwa ujulikane. Wengi wana kabati la plagi, pampu na sensa zilizonunuliwa kwa kubahatisha, wakati tatizo lilikuwa waya ulioliwa na panya. Kipuri cha zamani kipelekwe dukani mkononi, kilinganishwe na kipya, hata kama muuzaji anasema analijua gari hilo.

Cha kufanya mwenyewe na cha kumwachia fundi

Mtu mwenye mikono mizuri na subira anaweza kubadili oili na chujio, plagi, chujio la hewa, pedi za breki, mikanda ya nje, mipira ya rejeta na betri. Nyumbani anaweza kupaka rangi, kubadili vitasa na koki, kutengeneza shelfu, kuweka mifereji ya bati, kujenga ukuta mfupi wa bustani na kupiga lipu chumba kimoja kwa mwendo wake.

Kuchonga silinda, pampu ya dizeli, giaboksi ya otomatiki na kulinganisha magurudumu vinahitaji mashine ambazo hazipo nyumbani. Lenta na kenchi za paa kubwa zinahitaji mtu aliyekwisha kuziona zikifaulu na zikianguka. Umeme wa nyumba si suala la ujasiri: mafundi wake hupewa leseni na EWURA, na TANESCO huunganisha nyumba iliyosukwa nyaya na fundi mwenye leseni. Anayefikiria kununua mashine ya kuchomelea amuulize fundi huyo kwanza kama waya wa banda utaibeba.

Kati ya makundi hayo mawili kuna kazi ambazo mtu anaweza kujifunza. Chuo cha VETA Kihonda kiko mjini hapohapo, na kozi fupi ya uchomeleaji au umakanika hurudisha ada yake ndani ya miaka michache kwa mwenye gari na nyumba inayojengwa. Njia nyingine ni kumwajiri fundi kwa siku na kufanya kazi naye kama msaidizi, ikiwa makubaliano yamewekwa wazi tangu asubuhi. Fundi akiambiwa saa sita kwamba mwenye nyumba anataka kufundishwa, bei hubadilika, na ana haki.

Uwanja una wenyewe

Banda, rundo la mchanga na gari vinaingia mahali ambapo tayari pana kamba ya kuanikia nguo, jiko, kuku na njia ya kwenda bombani. Kabla ya kiangazi kuanza, wenye uwanja wakae wakubaliane rundo la mchanga litakaa wapi na kwa miezi mingapi. Mchanga uwekwe upande wa juu wa mteremko lakini uzungushiwe tofali, la sivyo mvua ya kwanza ya vuli itaupeleka barabarani. Njia ya gari kutoka isizibwe hata siku moja: mgonjwa akitokea usiku, kokoto hazihamishwi kwa dakika tano. Kelele za grenda zina saa zake pia. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia mengi.

Kuna magari ambayo hayatarudi barabarani, na mwenyewe huwa wa mwisho kukiri. Kipimo cha haki ni misimu: gari lililokaa juu ya mawe masika mawili mfululizo chini ya paa, fedha na muda vikiwepo, bila injini kufungwa, linachukua nafasi ya chumba. Liuzwe zima kwa anayelitafuta kwa ajili ya vipuri, au livunjwe na bodi iende kwa wa vyuma chakavu. Kabla halijatoka getini, oili, petroli na maji ya rejeta vimwagwe kwenye vidumu, betri itolewe, na makabidhiano yaandikwe yakiwa na namba ya chesesi. Kadi ya usajili isitupwe wala isipewe mtu mkononi tu. TRA ijulishwe umiliki umehama au gari limefutwa, maana deni au kosa lolote litakaloandikwa kwa namba ile litamtafuta aliyebaki kwenye kumbukumbu.